Chura wa kichwa juu, chura bapa au chura wa wimbi: uchague upi, na kichwa kikae wapi

Watu wazima wengi wanaojifunza kuogelea Arusha na Moshi huanzia chura, mtindo ambao makocha huuita bresti. Wote watakwambia wanaogelea chura, lakini tazama vichwa vyao utaona mitindo mitatu. Wa kwanza anakwenda uso mkavu, kidevu juu, tangu ukuta huu hadi ule. Wa pili anachungulia kidogo, anavuta hewa, anarudisha uso majini na kunyooka. Wa tatu anapanda na kifua chote kisha anajitupa mbele, mgongo ukienda kama wimbi.

Tunailinganisha hiyo mitatu kwa ajili ya anayetaka kuchagua mmoja na kuufanyia kazi. Kwa walio wengi tunashauri ule wa pili, chura bapa. Ule wa kichwa juu una mahali pake, na kuna wanaolazimika kuutumia. Ule wa wimbi ni mzuri sana mikononi mwa mwenye miguu yenye nguvu, na ni upotevu wa nguvu kwa asiye nayo.

Kwanza, kinachoinua kichwa ni nini

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Kikiwa majini, maji yanakibeba na huhisi chochote. Kikitoka nje, kilo zile zote zinarudi kuwa mzigo, na mwili unaoelea hauna mahali pa kuegemea ili kuubeba. Boya lako ni mapafu, na mapafu yako kifuani. Ukipandisha kilicho mbele ya boya, kilicho nyuma yake kinashuka, sawasawa na watoto wawili wanaobembea kwenye ubao. Kinachoshuka ni nyonga na mapaja. Mapaja yakining'inia, kila unachosukuma kwa miguu kinaliwa na maji yanayogonga mapaja hayohayo. Na ukinzani wa maji haupandi kidogo kidogo: ukiongeza mwendo mara 2, ukinzani unakuwa kama mara 4. Ndiyo maana mwenye kichwa juu akijitahidi zaidi anachoka zaidi lakini ukuta hausogei karibu.

Mdomo unaweza kutoka majini kwa njia mbili. Unaweza kukunja shingo kwa nyuma: kidevu kinatangulia, kisogo kinasogea mabegani, mgongo wa chini unapinda kufidia. Au unaweza kukiacha kichwa palepale kilipo juu ya mabega, na mikono inapokusanya maji kuelekea chini ya kidevu, kifua ndicho kinachopanda na kichwa kinapanda nacho. Aliyesimama ukingoni anaweza asione tofauti, kwa kuwa mara nyingi ni sentimita chache tu. Nyonga zinaiona mara moja. Mitindo yote mitatu tutaipima kwa swali hilo: kichwa kimeinuliwa na kifua au na shingo?

Kuna kipimo kinachofaa sana miji yetu hii miwili. Aliyeko Moshi ana Kibo upande wa kaskazini, na aliyeko Arusha ana Meru upande huohuo. Ukiogelea kuelekea kaskazini asubuhi ambayo mawingu hayajashuka, na kila unapovuta hewa unauona mlima, kidevu kimepanda mno. Unachotakiwa kuona wakati huo ni maji yaliyo mita 1 au 2 mbele yako, basi.

Kichwa juu muda wote

Hatuudharau mtindo huu. Ukiwa Chemka, kule Kikuletwa karibu na Boma Ng'ombe, maji ni ya uvuguvugu, matamu, na siku za mapumziko yamejaa watu wanaojirusha kwa kamba. Anayezamisha uso hapo atagongana na mtu. Anayemwendea mtu mwenye shida majini naye humtazama asimpoteze. Aliyechoka katikati ya bwawa refu huinua kichwa, akapunguza kasi, akarudisha pumzi. Kwa kazi hizo chura wa kichwa juu hana mbadala.

Sababu nyingine husemwa kwa sauti ya chini, nayo ni nywele. Mtu aliyekaa saluni nusu siku akisukwa hatazamisha kichwa kwenye maji ya klorini kwa kuwa kocha kasema. Ni haki yake, na lina dawa. Nunua kofia ya silikoni iliyotengenezwa kubwa kwa ajili ya rasta na nywele nyingi, si ile ya kawaida ya kubana. Lowesha nywele kwa maji ya bomba kwanza, kwa sababu nywele iliyokwisha kunywa maji safi hainywi klorini nyingi. Kisha zifunge chini, kwenye kisogo. Fundo likikaa utosini, kofia inavutwa juu, maji yanaingia kwenye paji la uso, na utajikuta unainua kichwa kuyakwepa. Kofia haizuii maji yote, lakini inatosha kukutoa kwenye kichwa juu bila kuharibu kazi ya saluni.

Wengine wanaogopa maji machoni. Hao wanahitaji miwani ya kuogelea inayokaa vizuri, hawahitaji mtindo mwingine. Ipime dukani: iweke machoni bila kuvuta mkanda, ikandamize kidogo, iachie. Ikishika sekunde mbili tatu yenyewe, ni ya uso wako.

Gharama ya kichwa juu ni hii. Misuli ya nyuma ya shingo inafanya kazi bila kupumzika hata mara moja, kwa hiyo maumivu huanza kati ya kisogo na mabega na kushuka mgongoni chini. Nyonga ziko chini, basi teke linasukuma maji kwenda sakafuni badala ya nyuma. Nusu ya kazi ya miguu inakuwa kushikilia kichwa kisizame. Ukilazimika kuutumia, ulegeze: kidevu kiguse maji, mdomo uwe juu kidogo tu ya uso wa maji, mivuto iwe mipana na ya taratibu, na kila baada ya urefu mmoja wa bwawa lala chali kidogo shingo ipumzike. Mwenye tatizo la pingili za shingo asiuguse kabisa mpaka azungumze na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.

Chura bapa, hatua kwa hatua

Hapa tutakaa zaidi, kwa kuwa mtindo huu ndio wengi watakaouchagua na ndio unaoharibika kwa vitu vidogo.

Anzia kwenye kunyooka. Mikono iko mbele, viganja vinatazama chini, masikio yako katikati ya mikono ya juu. Macho yanatazama sakafu ya bwawa, mbele kidogo ya mabega. Kisogo kiko usawa wa uso wa maji au chini yake kidogo. Hewa inatoka puani na mdomoni kwa viputo vidogo vya kuendelea. Usiibane kuisubiri itoke yote juu, maana pale juu huna muda wa kutoa na kuvuta.

Sasa viganja vinageuka nje na mikono inafunguka kupita upana wa mabega kidogo. Uso bado uko chini. Tunarudia: uso bado uko chini. Wengi mno huinua kichwa mara tu mikono inapoachana, na hapo mikono haina la kufanya ila kukandamiza maji chini ili kumbeba. Mikono iliyokandamiza chini haijavuta mbele hata hatua moja.

Viwiko vinabaki karibu na uso wa maji, viganja vinaelekea chini na nyuma, kisha mikono inafagia ndani kukutana chini ya kidevu. Mfagio huo wa ndani ndio unaopandisha kifua. Mdomo unatoka wakati mikono inakaribia kukutana, si kabla. Kidevu kinabaki kwenye maji au kidole kimoja juu yake, na kati ya kidevu na kifua pana nafasi ya ngumi. Vuta hewa kwa mdomo, kwa haraka, kama mtu aliyeshtuka. Mikono isipitilize nyuma ya usawa wa mabega. Ikifika mbavuni, viwiko vinakwama ubavuni na kuvirudisha mbele kunakuwa breki.

Mikono inatupwa mbele, na uso unaondoka nayo palepale. Huu mfuatano ndio roho ya chura bapa: uso uwe umeshalala majini kabla viwiko havijanyooka, na teke lipigwe wakati mikono inamalizia kunyooka. Ukipiga teke kichwa kikiwa bado juu, unasukuma ukuta. Ukipiga teke kichwa kikiwa katikati ya mikono, unasukuma mshale.

Miguu nayo: visigino vinapandishwa kuelekea makalio wakati mikono inajikusanya. Magoti yafunguke kiasi cha nyonga, au kuzidi kidogo, na yasiletwe chini ya tumbo. Geuza nyayo nje, zitazame kando, kisha sukuma maji nyuma kwa upande wa ndani wa unyayo na wa ugoko hadi miguu ifunge na vidole vinyooke. Kisha nyooka, hesabu moja, mbili. Mwendo ukianza kufa, vuta tena. Kunyooka kupita hapo miguu inaanza kuzama, na mzunguko unaofuata utaanzia shimoni.

Makosa yake tunayaona yakijirudia, na mengi yana chanzo kimoja kilichojificha mbali na kichwa.

Kuna anayeitikia kama mtu anayesema ndiyo: kichwa juu, kichwa chini, mabega yametulia. Huyo mfagio wake wa ndani ni dhaifu. Mikono inafunguka pana sana au inarudi mbele polepole, kifua hakipati kitu cha kukipandisha, na shingo inaibeba kazi yote. Ukimwambia tu aache kuinua kidevu, atakosa hewa na kukasirika. Mrekebishe mikono kwanza: kila mara aone vidole vyake kwa pembe ya jicho, akishindwa kuviona mikono imekwenda mbali mno.

Kuna anayepiga mbizi kila mzunguko. Amesikia "weka kichwa chini" akakandamiza kidevu kifuani, mwili ukaelekea sakafuni, na mvuto unaofuata unatumika kupanda tu. Dalili yake ni kwamba anatokeza mpaka kifuani kila mara na bado hasogei. Dawa ni macho: yarudi mbele kidogo kwenye sakafu, na mikono inyookee mbele, kina cha kama kiganja kimoja chini ya uso wa maji.

Kuna ambaye magoti yake yanakuja chini ya tumbo kila teke. Watu humsema miguu, lakini mtazame kichwa. Mara nyingi kimekaa juu sekunde nzima zaidi ya inavyotakiwa, nyonga zimezama, na miguu haina nafasi nyingine ya kujikunjia ila mbele. Kichwa kikiwahi kurudi, magoti hujirekebisha nusu ya njia bila kuambiwa.

Na kuna magoti yanayouma upande wa ndani. Chura unajulikana kwa kuchosha kano ya ndani ya goti, hasa pale mtu anapofungua magoti sana na kuyafunga kwa nguvu. Punguza upana, geuza nyayo kutokea nyongani na kwenye vifundo, piga mateke machache ya taratibu kabla ya kuanza kwa kasi. Likiendelea kuuma siku inayofuata, acha chura, ogelea fristaili, ule mtindo wa kutupa mikono kwa zamu, mpaka litulie.

Chura wa wimbi

Mpaka mwaka 1987 sheria za mashindano hazikuruhusu kichwa cha mwogeleaji wa chura kizame katikati ya safari. Kilitakiwa kionekane, isipokuwa mwanzoni na baada ya kugeuka. Sheria ilipolegea, njia ya kupanda na kushuka ikapata nafasi yake. Aliyeuonyesha ulimwengu faida yake ni Mike Barrowman wa Marekani, aliyefundishwa na kocha wa Hungaria Jozsef Nagy: alishinda mita 200 kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992 kwa dakika 2:10.16, rekodi ya dunia ya wakati huo. Tunataja mita 200 makusudi. Wimbi linalipa pale mtu anapokuwa na safari ndefu na nafasi ya kunyooka.

Unavyokwenda ni hivi: mfagio wa ndani unakuwa mkali zaidi, nyonga zinasogea mbele kuelekea mikono, mabega na kifua vinatoka majini, kisha mwili wote unajitupa mbele juu ya maji na kuingia kwa mikono, kichwa, kifua, nyonga, kwa mfuatano huo. Shingo haifanyi kazi kubwa kuliko kwenye chura bapa. Kifua ndicho kimepanda juu zaidi, na kichwa kimeendelea kukaa palepale juu ya mabega, macho yakitazama maji ya mbele.

Tofauti halisi iko kwenye nguvu zinazotakiwa. Kupandisha kifua ni kazi ya kuinua uzito, na kazi hiyo inarudishwa tu kama unashuka kwenda mbele na teke kali likupokee. Teke likiwa dhaifu, unalipa gharama ya kupanda na huvuni kitu. Mgongo usio mwepesi nao hulipiza kwa maumivu ya kiuno. Kabla ya kuujaribu tunashauri uwe unaweza kupiga mateke ya chura peke yake, mikono imenyooka mbele bila ubao, mita 25 kwa mateke yasiyozidi 12. Kama huwezi, tumia miezi kadhaa kwenye teke. Huko ndiko mwendo wako uliko.

Kosa lake kubwa ni kupanda kwenda juu badala ya kwenda mbele. Mtu anatokeza mpaka tumboni, anasimama hewani kidogo, kisha anaanguka. Kwa anayekwenda mashindanoni kuna hatari nyingine: viwiko. Sheria inataka viwiko vibaki chini ya maji, isipokuwa kwenye mvuto wa mwisho kabla ya ukuta, wakati wa kugeuka, na wa kumalizia. Anayerudisha mikono juu ya maji kwa pupa huvitoa viwiko, na mwamuzi akiona anamwondoa.

Hewa mapema au hewa mwishoni

Uchaguzi huu unawahusu wote wa bapa na wa wimbi. Hewa ya mapema ni ya anayeinua uso mikono inapofunguka. Ni rahisi kujifunza na inampa anayeanza muda mwingi wa kupumua, ndiyo sababu baadhi ya walimu huanza nayo. Ubaya wake ni kwamba kichwa kinakaa nje muda wote wa mvuto, nyonga zikishuka. Hewa ya mwishoni, ile ya mfagio wa ndani, ni fupi lakini inachukuliwa pale kifua kinapokuwa kimepanda chenyewe. Anzia na ya mapema kama una hofu ya maji. Ukishaweza kutoa viputo kwa utulivu, hama.

Kwa mtu wa huku juu uhamaji huo una ugumu wake. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni kama asilimia 85 ya lile la Tanga au Dar es Salaam. Moshi iko chini zaidi, mita 800 na ushei, na huko ni kama asilimia 90. Mgeni aliyezoea bwawa la pwani atahisi pumzi inakatika mapema, na mwili wake utamwambia akae na kichwa juu zaidi apate kunywa hewa. Asiukubalie. Kukaa juu kunazamisha nyonga, nyonga zinaongeza kazi, kazi inaongeza kiu ya hewa. Afanye haya: atoe hewa yote chini ya maji, kwa kuwa pumzi fupi mara nyingi ni mapafu ambayo hayakumwagwa, afupishe kunyooka kutoka hesabu mbili hadi moja ili hewa ije mara nyingi zaidi, na apumzike sekunde 20 hadi 30 kila baada ya mita 25 kwa siku za kwanza. Kuruka hewa, mzunguko mmoja kupumua na mwingine kutopumua, hakuna maana kwenye chura: sheria inadai kichwa kitokeze kila mzunguko, na kifua kinapanda upende usipende.

Baridi nayo ina mkono wake. Kati ya Juni na Agosti, maji ya bwawa lisilo na joto asubuhi hukaza shingo na mabega, na uso ndio wa mwisho kukubali kuingia. Usianze na chura. Ingia, simama, zamisha uso mara 10 ukitoa viputo, kisha fristaili ya taratibu kama unaijua. Au ahirisha mpaka saa tisa alasiri, maji yakiwa yamepata jua.

Vifaa na mazoezi: kipi kinarekebisha nini

Ubao wa kuogelea ndio uko kila bwawa, na kwa kichwa ndio mbaya kuliko vyote. Ukiushika mbele kwa mikono iliyonyooka na uso nje, unaifundisha shingo kosa lilelile unalotaka kuliacha. Utumie uso ukiwa majini, ukitoka kwa hewa tu, au uuache.

Mpira wa tenisi chini ya kidevu ni bora kwa anayeitikia kwa shingo. Una upana wa sentimita 6 hadi 7, yaani ile nafasi ya ngumi tuliyosema. Chungwa dogo linafaa vilevile, na likidondoka linaelea. Ndimu ni ndogo mno, inaleta kidevu kifuani na kukufundisha kupiga mbizi. Lishike kwa wepesi. Ukiinua kidevu litaondoka, na hapo umeshajua kosa limetokea mzunguko gani. Fanya urefu 4 tu wa bwawa kisha litoe, kwa sababu shingo iliyobanwa muda mrefu inakuwa ngumu. Asipewe mtu ambaye bado hawezi kuelea kwa raha.

Mateke mawili kwa mvuto mmoja ndilo zoezi tunalolipenda kuliko mengine. Vuta, pumua, teke, nyooka. Piga teke la pili uso ukiwa chini na mikono mbele. Kisha vuta tena. Linamlazimisha mtu akae kwenye mstari, na linamwondoa hofu ya kuwa uso chini kwa sekunde 3 au 4. Linafaa kwa bapa na kwa wimbi. Halitamsaidia ambaye kosa lake liko kwenye mfagio wa mikono.

Huyo apewe boya la mapajani, lile la kubana kati ya mapaja: linashikilia nyonga juu, miguu inatulia, na mikono inafundishwa peke yake. Linganisha hisia: ukiwa na boya, kifua kinapanda kwa wepesi, ukilitoa, kama kichwa kinarudi kuwa kizito, teke lako linachelewa. Bomba la kupumulia la katikati ya uso tunaliweka mwisho. Linatuliza kichwa kabisa, na kwa kuhisi kunyooka ni zuri, lakini linaondoa kile cha kupanda na kushuka ambacho ndicho ulikuja kujifunza.

Nani achague nini

Anayeanza ukubwani, iwe kwenye bwawa la YMCA Moshi au kwenye bwawa fupi la hoteli Njiro: bapa, hewa ya mapema kwa wiki chache, kisha ya mwishoni. Mabwawa mafupi yanamdanganya mtu, kwa kuwa msukumo wa ukutani unampeleka theluthi ya safari. Hesabu mivuto kuanzia unapovuta mara ya kwanza, na usilinganishe na ya mtu wa bwawa la mita 25.

Mtoto anayeandaliwa kwa mashindano ya shule: bapa mpaka teke lake liwe halali na sawa pande zote mbili. Wazazi wengi wanaona wakubwa wakipanda kwa wimbi kwenye runinga na kumtaka kocha ampeleke huko. Mvumilieni kocha. Mtoto wa miaka 9 anayepandisha kifua kwa mgongo wake bila teke nyuma yake atajifunza kupinda kiuno, na kumwondolea hilo akiwa na miaka 13 ni kazi ya msimu mzima. Wa miaka 14 na kuendelea, mwenye miguu na mgongo mwepesi, anayependa mita 200: mjaribisheni wimbi kidogo kidogo, mbio za mita 50 abaki karibu na bapa.

Mwenye shingo inayouma: bapa na si vinginevyo, mpira wa tenisi, macho sakafuni. Mwenye goti: bapa na teke jembamba, au mtindo mwingine kwa muda. Anayetaka tu kujimudu Chemka na familia: kichwa juu kinamtosha, lakini ajue na bapa, ili shingo ikichoka awe na pa kukimbilia.

Kama bado unasitasita kati ya mitindo miwili, upime kwa namba. Chukua urefu uleule wa bwawa, ogelea mara 3 kwa mtindo mmoja na mara 3 kwa mwingine, ukipumzika dakika 1 kila mara. Kila mara jumlisha mivuto na sekunde. Kwa mita 25, anayetumia mivuto 14 na sekunde 32 ana jumla ya 46. Ndogo ndiyo nzuri. Mwogeleaji mwenye ufundi humaliza mita 25 kwa mivuto 8 hadi 12, anayeanza mara nyingi hupita 20. Rudia siku nyingine kwa kubadilisha mpangilio, maana uchovu huharibu mtindo unaokuja wa pili.

Wiki ya kwanza ya bapa jumla inaweza kupanda, uso ukiwa umeanza kuzama na mikono bado inasubiri. Ipe majuma 3 au 4, mara mbili tatu kwa juma. Ikishuka lakini shingo bado inakuuma, mwombe mwenzako aiweke simu ukingoni, usawa wa maji, akurekodi kutoka ubavuni. Isimamishe picha pale mdomo unapofunguka na uangalie vitu viwili tu: kama kidevu kimeachana na maji, na mikono iko wapi wakati huo. Kidevu kikiwa juu na mikono bado imefunguka, rudi kwenye boya la mapajani. Kidevu kikiwa juu na mikono imeshakutana, rudi kwenye chungwa.